Kukhu na Mchezo wa Picha Pacha

Leo nusura Mama aninyang'anye simu, na kosa langu lilikuwa kumfundisha Kukhu mchezo.

Kukhu ni bibi yangu. Tangu augue, hajainua mkono wake wa kulia. Hospitalini walimpa mpira wa kufinya ili vidole vipate nguvu, akaukataa. "Mimi si mtoto."

Basi nikampendekezea mchezo wa simu. Unafunua kadi mbili, na zikiwa na tunda la aina moja, unazipata. Wiki nzima amecheza kwa mkono wa kushoto, huku akinilaumu kwamba nazihamisha.

Jioni hii Mama alirudi kutoka soko la Lubao akatukuta.

"Nilikupa simu ya kusomea, si ya kuchezea na mgonjwa. Lete."

Mnamjua Mama. Nikanyoosha mkono niichukue kwa Kukhu.

Kukhu akaikumbatia simu kwa mkono wa kushoto. Halafu, polepole sana, kidole cha mkono wa kulia kikapanda juu ya kioo.

Kikatetemeka. Kikakosa kadi. Kikajaribu tena.

Mimi na Mama tukainamia kioo.

Kikafunua nanasi.

"Lingine liko chini pale," Kukhu akasema. "Ondokeni, mnaniziba mwanga."

Mama akaketi kando yake, bado na mfuko wa sokoni begani. Akatazama kioo, Kukhu akifunua kadi moja baada ya nyingine.

"Hapana, Mama," akamwambia Kukhu. "Chini kulikuwa na embe."

Sasa nisaidieni, marafiki. Mnajua michezo mingine ya aina hii? Picha ziwe kubwa, isile bando, isihesabu muda.

Na Mama anauliza kama upo wa watu wawili.