Mlango Kwanza, Hina Baadaye

Enzi zetu sisi wasichana wa mtaa wa Kuze, hina haikuja ndani ya koni kutoka dukani. Ilitwangwa, ikachekechwa, ikakorogwa kwa ndimu, na nyumba nzima ikanukia hadi kesho yake. Tulichora kwa kijiti cha fagio, na ole wako mama akikuta fagio lake limenyonyolewa!

Mimi nilijiona fundi nikiwa na miaka kumi na miwili. Idi moja nilimkamata jirani yetu Rukia nikamwambia sifuati mtu, natoa yangu kichwani. Yakatoka maua matatu, kichwa kikakauka. Nikayarudia yaleyale hadi kwenye kiwiko. Hina haifutiki, Rukia alishinda Idi nzima mkono kauficha ndani ya buibui.

Shangazi Mwanaisha, aliyewachora maharusi wa mtaa mzima, hakunigombeza. Alisema tu, "Kitwa chako kitupu, mwanangu. Wataka kitoe nini?"

Nami nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, kumchora dada yangu Fatma siku ya harusi yake. Shangazi akanipa sharti. Kila alasiri nikitoka chuoni kusoma Kurani, nikautazame mlango mmoja wa nakshi, kisha nirudi niuchore kwa mkaa sakafuni bila kwenda kuchungulia tena. Miezi minane! Wenzangu wakicheza kibe, mimi nimesimama mbele ya mlango wa watu, hata wenyewe wakadhani nimetumwa kuulizia posa. Nilichukia, sitaki uongo. Lakini polepole nikajua mnyororo wa pembeni unaanzia wapi, wimbi linapindaje kwenye kona, na ua la katikati linataka nafasi kiasi gani ili lipumue.

Siku ilipofika, Fatma alijilaza, miguu juu ya mto. Shangazi akanipa kijiti, akaniachia mkono wa kushoto wa bi harusi. Nikaanza na mnyororo kwenye kifundo cha mkono, nikafungua ua kiganjani, kisha kijiti kikanipeleka kwenye jani ambalo sikupata kuliona kwenye mlango wowote. Shangazi akainama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hilo lako," akasema.

Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Siku hizi binti yangu ana picha za hina kwenye simu, huwezi kuzimaliza. Anazipitisha kwa kidole, kisha analalamika, "Mama, sina la kuchora." Simlaumu sana; milango mingine imeuzwa, mahali pake pamewekwa mageti ya chuma, na geti la chuma utalitazama mara ngapi? Juzi nilimwambia aizime simu, anichoree moja tu kati ya alizoziona asubuhi ile. Alikaa na koni yake mkononi, akajaribu, akakunja uso. Mwisho akaniambia hakumbuki hata moja.

Nilimwonea uchungu. Sisi tulikuwa na milango michache tu, na tuliijua yote.