Jibini ya baba mkwe

Baba mkwe wangu amefuga ng'ombe na kutengeneza jibini Masisi maisha yake yote. Alipokuja Goma kututembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi, nilitaka arudi akijua kwamba mwanawe alioa mwanamke anayejua kupokea wageni. Kwa hiyo nilikata jibini vipande vyembamba, nikavipanga kama ua juu ya ubao, nikazungushia vipande vya soseji na karanga, na kibakuli cha asali katikati.

Mzee aliinua kipande kimoja cha jibini kwa vidole viwili.

“Mama, hii fromaje ilipata ajali?”

“Hapana, papa. Niliikata ili ipendeze.”

“Nani mugonjwa hapa, asiyeweza kutafuna?”

Mume wangu alijifanya anatafuta chumvi. Mzee akachukua vipande, akavirundika kimoja juu ya kingine mpaka vikafikia unene anaoujua, kisha akauma. Alimaliza jibini yote hivyo, taratibu, kama fundi anayepanga matofali. Soseji hakuigusa.

Akamgeukia mwanawe.

“Muke wako anajua kupokea watu,” alisema. “Lakini usimuachie kisu.”