Rupia za Bibi na Muhuri wa Zambarau

Juzi nililala kwenye hoteli moja ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ukutani, ndani ya fremu, nikakuta karatasi ninayoijua tangu utoto: rupia moja ya vita vya Mjerumani, imegongwa mihuri kwenye karatasi duni kama ya mfuko wa sukari. Mwenye hoteli akanitajia kwa majivuno bei aliyoinunulia. Rafiki yangu, niliiacha chai mezani nikatoka nje.

Bibi yetu kule Mbuji, milimani, alikuwa nazo kumi na moja, ndani ya kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko. Wakati wa vita, askari wa Mjerumani walikomba mahindi yote ghalani kwa mama yake, wakamwachia hizo. Mwingereza alipofika akazikataa, na mdogo wake bibi akafa kwa njaa. Tangu hapo bibi hakukubali kuuza chakula kwa karatasi. Akina mama wa Lundo, kule ziwani, walipopandisha usipa mkavu, vile visamaki vidogo, aliwapimia maharage, kikombe kwa kikombe. "Samaki namwona," alikuwa akisema. "Kwenye karatasi naona wino tu." Hata fedha za kahawa kutoka chama cha ushirika alizigeuza chumvi na kanga siku hiyo hiyo. Tulimcheka sana.

Kisha biashara ya kahawa ikafanywa huria, na wanunuzi binafsi wakaleta mizani hadi uani kwetu. Mmoja, kijana nadhifu aliyenukia marashi, alitoa bei kubwa kuliko chama. Mwaka ule dada yangu alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na ada yake ilikuwa kwenye magunia yetu sita. Tuliimenya kahawa ile hadi mikono ikanuka maganda yaliyochacha.

Zamu yetu ilipofika, fedha zikamwishia. Akaanza kugawa vikaratasi vyenye muhuri wa zambarau, tukachukulie fedha Mbinga mjini. Bibi akaenda kukalia gunia.

"Shikamoo, bibi. Dunia imebadilika," kijana akasema.

Bibi akajikita zaidi juu ya gunia. Baba akaniita mimi, msomi wa darasa la sita, nimsomee bibi kile kikaratasi. Nilisoma neno kwa neno, kifua mbele, nikamalizia: "Muhuri upo, bibi. Sahihi ipo." Majirani wakapiga makofi. Bibi akanitazama, kisha akainuka taratibu, magunia yakapakiwa.

Mbinga mjini baba alikuta chumba kitupu kinachonuka mikojo ya panya. Dada hakwenda shule. Mwaka uliofuata aliolewa. Bibi aliomba kile kikaratasi, akakitia kibuyuni pamoja na zile rupia.

Siku hizi usipa unaagizwa kwa simu, na ghala la bibi limebaki mawe ya msingi. Alipofariki, wajomba waliziuza rupia zote kwa kreti moja ya bia. Kile cha zambarau hakikupata mnunuzi, nikakichukua. Kila nikikifunua naisikia sauti yangu, safi, ya darasani, ikimwambia bibi kwamba sahihi ipo.