Pima wa Nyumba Ipi?

Mpaka mwaka wa 1976 hakuna aliyewahi kumwita Machogu mwizi. Alikuwa mwana wa mzee Angwenyi wa Magwagwa, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za chama cha wakulima wa chai mjini Kisii. Karatasi zake zilipanda basi hadi kwenye kompyuta Nairobi, na hesabu za majani zikarudi zimechapwa. Mwezi mmoja wa mwaka huo kilo za kila mkulima zilirudi zimepungua zaidi ya nusu.

"Mwana wa Angwenyi ametafuna majani yetu mabichi," mkulima Onsongo alisema kwenye kituo cha kupokelea majani, penye mizani. "Mwangalieni meno!" Watu wakacheka.

Angwenyi, mzee wa kanisa, hakwenda kusali Sabato hiyo. Hilo ndilo lililomuuma Machogu. Kamati ya chama ingekutana Jumanne. Asipoonyesha kosa, baba yake asingerudi kwenye kiti chake kanisani.

Akaipitia programu upya. Haikuwa imeandikwa yote kwa mkono mmoja; vipande vilivyo tayari hutunzwa katika maktaba za mashine, nawe hutaja jina tu, kipande kikaletwa kizima na kupachikwa mahali pake. Mwezi huo ndipo alipokitoa kipande chake cha kujumlisha kilo, Pima, ndani ya programu na kukiweka maktabani. Kila mstari ulikuwa sawa.

Nje, mama yake Gesare aliita, "Nyangau! Njoo ushike ng'ombe!"

Akaja Nyangau wa Bonareri, mke wa baba mdogo, povu la kunyolea likiwa kidevuni. Nyumba zote mbili zilikuwa zimempa mwana jina la babu.

"Si wewe, baba. Namtaka wangu."

"Mama mkubwa, ukiita Nyangau tu, atakuja aliye karibu."

Machogu akaweka kalamu chini. Nairobi kulikuwa na Pima mwingine, wa kahawa, anayegeuza ratili kuwa kilo, na ratili haifiki nusu kilo. Mashine ilimkuta huyo kwanza.

Aliongeza jina la maktaba yake baada ya jina la kipande. Kilo zikarudi kamili, naye akazisoma mbele ya kamati.

"Kwa hiyo mwizi ni jina?" Onsongo aliuliza.

"Mwizi hakuna. Mimi niliita jina nusu."

Sabato iliyofuata Angwenyi alikaa kitini pake. Onsongo alimpungia Machogu mkono mlangoni.

"Machogu! Wa Gesare, nisije nikaletewa mwingine."