Pua ya Sunnvá

"Shoga, leo umetulisha nini?" Billa, jirani yake, aliuliza swali hilo mezani, mbele ya wageni, kiganja kikiwa mdomoni. Sunnvá hakulisahau.

Kijijini kwao, katika Visiwa vya Faroe, nyama ya kondoo hutundikwa bandani ichachuke kwa upepo, na pua ndiyo huamua kama imekuwa tayari au imeharibika. Pua iliyoaminiwa na wote ilikuwa ya Sunnvá. Kisha akateleza kwenye barafu, akajigonga kisogo. Kidonda kilipona, harufu hazikurudi. Daktari alimweleza kwamba neva za kunusa ni nyuzi nyembamba zinazopenya vitundu vya mfupa juu ya pua, na kichwa kikitikisika kwa nguvu hukatika. Ulimi una neva zake nyingine, kwa hiyo chumvi na uchachu bado alivisikia.

Hicho ndicho kilichomponza. Aliionja nyama, akaona iko sawa, akawapikia wageni, kumbe imeoza.

Tangu siku hiyo kila aliyepita alimletea dawa.

"Nusa kitunguu, mama."

"Jaribu kahawa, itafungua."

Alinusa kitunguu mpaka machozi yakamtiririka, maana macho yalikisikia, pua haikusikia kitu.

"Mungu anisamehe," alifoka, "nimechoka na vitunguu vyenu!"

Kondoo walipochinjwa tena na nyama kutundikwa, alikwenda mwenyewe mlangoni kwa Billa.

"Njoo uninusie nyama," alisema. "Ikiwa imeoza, niambie kabla sijaipika."