Figa la Tatu

Nilipokuwa na miaka tisa niliiba jiwe. Lilikuwa jiwe la kupikia tu, jeusi kwa masizi, na nilivuka nalo ziwa kutoka Nansio mpaka Mwanza. Watu wa huku watacheka, maana kupeleka jiwe Mwanza ni sawa na kupeleka ndizi Bukoba. Chekeni tu. Mimi kwa miaka thelathini niliamini kwamba jiwe lile ndilo lililomuua mdogo wangu.

Lakini siwezi kueleza wizi huo bila kueleza Wagomora walikuwa akina nani.

Habari zao alitusimulia Bibi, mzaa mama, akichambua dagaa jikoni pale Nansio. Zamani, alisema, hapa hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bonde refu, na bonde hilo ndilo lililokuwa nchi ya Wagomora. Jua lao lilichomoza mara mbili kwa siku. Ng'ombe wao walikuwa weupe wote, na ukimkamua ng'ombe bila kumsalimia alikunyima maziwa siku saba. Mfalme wao, tangu atawazwe mpaka afe, hakuruhusiwa kukaa chini.

“Sasa alilalaje?” niliuliza.

“Aliegemea,” alijibu Bibi bila kuinua macho.

Basi siku moja maji yakaanza kutoka ardhini. Yalipanda kidole kimoja kwa siku, bila haraka, kama mgeni anayejua chakula hakijaiva. Mtu aliweza kulima, kuvuna, hata kuoa, lakini maji yakigusa mafiga yake, basi, kwake kumekwisha. Wagomora wakahamia juu kidogo. Maji yakafuata. Walihama mara saba, na kila kilima walichokiacha kiligeuka kisiwa. Ukerewe, alisema Bibi, ni kilima cha tano. Nilipouliza baada ya kilima cha saba walikwenda wapi, alisema wapo, wamechanganyika na watu, utawatambua kwa kuwa hawafungui mizigo yao yote. Niliziamini habari hizo kama nilivyoamini katekisimu.

Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, mdogo wangu Deo akiwa na miezi minne. Nakumbuka viti vya kuazima, sufuria kubwa za uji, na mimi nikiwa nimekaa mkekani bila chozi. Wanawake walinong'ona kwamba huyu mtoto ana moyo mgumu. Uongo mtupu. Sikuwa na moyo mgumu wala laini, ndani hapakuwa na kitu. Ukinifinya nilijua nimefinywa, lakini ni kama aliyefinywa alikuwa jirani.

Baba alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba Nyakato, akaamua tuhamie huko sote, na Bibi aje kumlea Deo. Wiki ile ya kufunga mizigo, Bibi aliongeza jambo kwenye habari za Wagomora. Walipohama, alisema, walibeba mafiga mawili. La tatu waliliacha jikoni, ili marehemu wao wabaki na pa kuota moto. Kulikuwa na familia moja ya wachoyo iliyobeba yote matatu. Wafu wao wakashikwa na baridi, wakawafuata.

“Walijuaje njia?”

“Walifuata harufu ya moshi wao kwenye mafiga. Na mfu akikufuata, mjukuu wangu, harudi mikono mitupu. Anaondoka na mtu.”

Asubuhi ya safari Bibi alitia mafiga mawili kwenye gunia. La tatu aliliacha kwenye majivu. “Resti,” akaniita, “muage mama yako. Hili tumemwachia yeye.”

Nikaaga. Bibi akatoka kumfunga Deo mgongoni. Mimi nikarudi jikoni, nikalichukua figa lile, nikalizungushia kanga ya mama na kulisukuma ndani ya mkoba wa shule, chini ya madaftari.

Nilimtaka mama, basi. Kuhusu kuondoka na mtu, nililifikiria hilo pia, msidhani sikulifikiria. Nilijua akija ataondoka na mimi, na mimi nilikuwa tayari.

Kwenye meli Bibi alikaa karibu yangu na Deo mapajani. Alinitazama kwa muda.

“Mbona umekaa upande?”

“Mkoba mzito, Bibi.”

“Una nini?”

“Madaftari.”

“Haya,” akasema, akageukia ziwa.

Nyakato tulipanga vyumba viwili. Kumbe huko watu walipikia jiko la mkaa! Mafiga mawili ya Bibi yakabaki uani, kuku wa mwenye nyumba wakawa wanayanyea. La kwangu lilikaa chini ya kitanda. Kila nikitoka shule nililiamkia, “Shikamoo mama,” kisha nikangoja. Nilingoja miezi miwili, na sikuona dalili yoyote.

Mwezi wa tatu Deo alipata homa. Mchana ikapanda, akashikwa na degedege. Baba alimkimbiza hospitali akiwa bado na sare ya kiwandani, na jua halijazama alirudi amembeba akiwa amefunikwa uso. Bibi alikaa chini palepale mlangoni. Mimi nilikwenda chumbani, nikapiga magoti, nikalitazama jiwe. Nilikuwa na swali moja tu: mbona hukunichukua mimi?

Sikulia safari hiyo pia.

Baada ya mazishi nililibeba mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya kiwanda ili nilitupe. Nilisimama pale mpaka mikono ikafa ganzi, nikarudi nalo. Niliona kama mama ameshamchukua Deo, basi wote wawili wako kwenye jiwe hilo, na nikilitupa nitakuwa nimewatupa wote. Baba alipoliona aliuliza limetoka wapi, nikasema nimeliokota. Mwanza mawe hayahitaji maelezo.

Sasa nina nyumba yangu Pasiansi, na nafundisha historia sekondari. Ndiyo, historia. Niliwatafuta Wagomora kwenye kila kitabu kilichopita mikononi mwangu, sikuwapata. Jiwe linazuia mlango wa jikoni usijibamize upepo wa ziwa ukivuma. Kila nilipojifungua nililipeleka kwa jirani likakaa huko mpaka mtoto atembee. Mume wangu aliacha kuuliza zamani. Jambo hili sikumwambia mtu yeyote, hata padri.

Mwaka jana nilikwenda Nansio kumwona Bibi, ambaye alirudi kwao Baba alipooa tena. Macho yake yamefifia, lakini vidole bado vinachambua dagaa kwa kupapasa. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake, nikaanza kumsaidia.

“Bibi, wale Wagomora habari zao ulizipata kwa nani?”

“Wagomora?” Akafikiri, kisha akacheka mpaka akakohoa. “Wee! Bado unawakumbuka? Nilitunga. Mama yako alipokuwa mdogo alikuwa hali bila hadithi.”

“Na mfalme asiyekaa?”

“Nilitunga.”

“Na figa la tatu?”

Kicheko kikaisha. “Hilo nilitunga baada ya msiba. Ulikuwa hulii. Nikaona heri uwe na kitu cha kumwachia.”

“Na kwamba mfu haondoki mikono mitupu?”

“Ah, hadithi lazima iwe na kitisho. La sivyo mtoto hashiki.”

Nilikuwa nimeshika dagaa mmoja kwa muda mrefu kuliko dagaa anavyostahili. “Bibi,” nikasema, “lile figa nililibeba.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Nilirudi jikoni kuangalia kama moto umezimika. Nikakuta majivu matupu. Na kwenye meli ulikaa umepinda.”

“Ukaniacha? Deo alikufa, Bibi. Miaka yote hii najua ni mimi niliyemleta.”

Alitoa kokoto kwenye ungo, akaitupa uani, akatoa nyingine.

“Nilijua ni uongo, maana niliutunga mwenyewe,” akasema. “Lakini mama yako alikuwa mwanangu, Resti. Nilipoona jiwe halipo nikasema, nyamaza, huenda akaja. Deo alipoondoka, kosa nililiona langu. Sikujua na wewe unalibeba.”

Tukaendelea kuchambua. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, au kwamba kitu fulani kilinitoka kifuani. Hakikutoka. Niliona tu huruma kwa vidole vyake, na hiyo kwangu ilikuwa nyingi.

Nilipokuwa nachukua mkoba wangu niondoke aliniuliza kama jiwe bado ninalo.

“Linazuia mlango wa jikoni.”

“Umewahi kuliosha?”

“Hapana, Bibi.”

Akatikisa kichwa kukubali. “Usilioshe,” akasema.

Najua Wagomora hawakuwapo. Najua homa ya Deo ilikuwa homa. Wanafunzi wangu nawafundisha kudai ushahidi wa kila jambo. Juzi binti yangu alikuwa anapiga deki jikoni, akaliinua jiwe lile na kulipeleka bombani, akisema linachafua sakafu. Nilimpokonya kabla maji hayajaligusa.