Mkalimani Aliyefungwa Macho

Bado naona haya kusimulia. Miaka ya tisini nilikuwa mkalimani katika hospitali moja karibu na Asumbi. Daktari mgeni alileta roboti iliyoinua na kushusha mkono wa mgonjwa polepole. Mama Atieno, aliyepooza mkono wa kushoto, alifungwa macho ili aseme, kwa kuhisi tu, mkono umeelekea wapi.

Nilipomuuliza kwa Kijaluo, alipatia kila mara.

"Mzee, mkono umepona," nikamwambia mumewe, naye akaanza kumshukuru Mungu.

Daktari alikuwa amejifunza Kijaluo kidogo. "Humuulizi mkono umeelekea wapi," akaniambia. "Unamuuliza, 'Umepanda, sivyo?' Naye anakubali tu."

Nilishindwa kumtazama mzee. Daktari akanifunga macho mimi pia, nisiuone mkono, kisha roboti ikaanza kunguruma.

"Umeshuka," Mama Atieno akasema, bila kuulizwa.

"Kweli," daktari akajibu. "Umeshuka."